Kwa nini nimezitoa zile klipu za shimo

Wasee wamenijazia inboksi wiki nzima: zile klipu za Daytona ya Kayole zimeenda wapi? Zilikuwa kumi na nne, na moja iliangaliwa na watu wengi kuliko kitu chochote nimewahi kufanya maishani, pamoja na kuzaliwa. Hazijafungiwa. Hakuna mheshimiwa amenipigia simu. Sijaokoka. Nimezitoa mwenyewe. Nilitaka kueleza kwa video, lakini kila nikiwasha kamera najikuta naanza kuchekesha watu hata mahali hakuna cha kuchekesha. Kwa hivyo leo mtasoma. Poleni.

Kwa wageni, stori ni hii. Barabara yetu iko na shimo. Najua, hata yenu iko nalo. Lakini letu limekaa mahali pabaya kabisa, pale mteremko unaishia kabla ya steji, mahali kila mtu ako na kasi na hakuna analiona mpaka ameshafika. Nganya zinalikwepa kwa kushoto, karibu ziguse kibanda cha mama wa chapo. Boda zinapita kulia, kwa ile nafasi nyembamba kati ya shimo na mtaro. Lori la maji halikwepi. Linazama tu, linatoka, linaacha nusu ya maji hapo. Mimi naishi ghorofa ya tatu, juu yake kabisa. Asubuhi moja nikaegesha simu dirishani, nikarekodi saa nzima, halafu nikaweka sauti yangu juu kama wale watangazaji wa mbio za Marekani: "Namba 1960 anaingia kona ya kwanza kwa ndani, anabanwa na Probox, ooooh, kioo cha pembeni kimebaki uwanjani!" Ikaenda. Ya pili ikaenda zaidi. Mkaanza kunitumia za kwenu, Dandora, Huruma, Umoja. Mkanipa jina.

Wengine mliuliza mbona NASCAR na si Formula 1, ambayo angalau kuna Wakenya wanaifuata. Lawama muwekee binamu yangu wa Umoja, aliyekuwa na DVD moja tu nyumbani kwao, nayo ilikuwa Cars. Niliiangalia mpaka ikaanza kukwama. Na ukiacha magari yanayoongea, ile sinema ni ya ukarabati wa barabara. McQueen anaingia mji mdogo usiku, anang'oa lami yote, na hakimu anamwambia hutoki hapa mpaka uitengeneze. Anafanya haraka haraka, inatoka mbaya, anaambiwa akwangue aanze upya. Nilikuwa na miaka kama sita. Nilidhani hiyo ndiyo sheria duniani kote: ukiharibu barabara, unaitengeneza, na ukiitengeneza vibaya unarudia.

Halafu kuna hilo jina lenyewe. Stock car maana yake ni gari la dukani, gari kama lile baba ya mtu anaendea kazi, limepelekwa mbio. NASCAR ilianzishwa mwaka 1948, na mbio zake za stock car zilianza hivyo. Leo magari yao ni ya dukani kwa sura tu, chini ni chuma kilichotengenezwa kwa mbio na taa za mbele ni stika. Nganya ni stock car kuliko hizo. Chasi ya Isuzu ni ile ile ya kubebea mizigo, watu wa gereji wanaivalisha mwili, wanaweka muziki, kazi inaanza.

Sasa nilipokuwa natafuta sauti za kuigiza, nikakutana na mbio za Daytona 500 za tarehe 14 Februari 2010, na hapo ndipo hii kitu yote iliacha kuwa utani kichwani mwangu, hata kama niliendelea kuwatania nyinyi.

Daytona si uwanja mdogo. Iko Florida, mzunguko mmoja ni kilomita nne, na kona zimeinuliwa digrii 31, yaani ukisimama pale chini unaona lami kama ukuta. Daytona 500 ndiyo mbio yao kubwa kuliko zote. Siku hiyo, mzunguko wa 122 kati ya 200, bendera nyekundu ikatolewa. Hakuna aliyegonga. Hakuna moto. Shimo. Shimo dogo kati ya kona ya kwanza na ya pili, ambalo hapa kwetu halingefikia hata kupewa jina. Magari yote yakasimama. Watu wakaja na mitungi ya gesi ya kupasha moto, wakajaza, wakangoja likauke. Saa moja na dakika arobaini. Mbio zikarudi, na mzunguko wa 161 kiraka kikatoka. Bendera nyekundu tena, dakika 45 hivi. Ukijumlisha, karibu saa mbili na nusu za televisheni ya nchi nzima, watu wakiangalia wanaume wamepiga magoti kando ya shimo.

Na mnajua ni nini ilishika mwishowe? Filla. Ile ya fundi wa bodi, ile wanapaka mlango ukibonyea kabla ya rangi. Nenda Grogan sasa hivi utaipata. Shughuli kubwa kuliko zote za stock car duniani iliokolewa na kitu kinachouzwa kwa mkebe. Jamie McMurray akashinda, usiku umeshaingia.

Nilisoma uhandisi wa barabara mwaka mmoja na miezi kidogo kabla karo initoe, na ndiyo maana mtaani bado wananiita injinia, wengine kwa heshima, wengine kwa makusudi. Kwa hivyo hii sehemu naijua, vumilieni. Lami haifi kwa sababu ya uzito peke yake. Lami inakufa kwa maji. Inazeeka, inakuwa ngumu, inapata nyufa nyembamba huwezi hata kuziona. Mvua inaingia na nyufa, inafika kwa tabaka la chini, lile la kokoto na maramu linalobeba mzigo. Tabaka likilowa linalegea. Tairi likipita linakandamiza, maji yanatafuta mahali pa kutokea, yanatoka na udongo. Hapo chini panabaki wazi. Juu bado unaona barabara, lakini ni kifuniko tu. Siku moja kifuniko kinaingia.

Daytona ilikuwa hivyo hivyo. Lami ilikuwa ya 1978, mvua ilikuwa imenyesha, siku ilikuwa na baridi, na magari yanapobanwa chini na upepo kwenye zile kona yanakwaruza lami kwa tumbo. Kiraka cha kwanza hakikushika kwa sababu ya baridi na unyevu. Kiraka kinataka shimo kavu, safi, lenye kingo zilizokatwa wima, sio mteremko kama sahani. Ukimwaga tu vitu ndani ya shimo lenye maji, umepanda mbegu ya shimo kubwa zaidi.

Lakini si hiyo iliyonikwama. Iliyonikwama ni kwamba bosi wa uwanja alisimama mbele ya waandishi siku hiyo hiyo akaomba msamaha, akasema jukumu ni lao. Na Julai ya mwaka huo wakaanza kung'oa uwanja wote, kilomita zote nne, wakamaliza Desemba. Mbio za Februari 2011 zikapigwa juu ya lami mpya. Shimo moja, miezi kumi, barabara nzima.

Niliangalia hiyo klipu saa nane usiku, na chini ya dirisha langu nikasikia lori la maji likizama kwa shimo. Nilicheka peke yangu. Na asubuhi nikarekodi klipu ya tisa.

Nisiwadanganye kwamba hawa Wamarekani ni malaika wa lami. Mwaka 1969 walifungua Talladega, uwanja mkubwa kuliko Daytona, na kasi ilikuwa kali hivi kwamba matairi yalikuwa yanachanika baada ya mizunguko michache. Madereva wakasema hatukimbii hapa. Richard Petty, mkubwa wao wote, akawaongoza, wakapakia magari wakaenda nyumbani siku moja kabla ya mbio. Mwenyewe wa uwanja, Bill France, hakuahirisha. Aliokota madereva wengine wa mbio ndogo, akajaza nafasi, mbio zikaendelea. Aliyeshinda, Richard Brickhouse, hakuwahi kushinda tena kwa kiwango hicho. Mtu yeyote aliyewahi kusimama steji siku nganya za kwao zimegoma, halafu akaona gari la rangi asiyoijua limekuja kubeba abiria kwa nauli mara mbili, ataelewa Talladega bila kuelezewa.

Na kuna ukarabati ambao ni mbaya kuliko shimo. Mwaka 2005 uwanja wa Charlotte uliamua kusawazisha lami yake kwa kuikwangua na mashine. Ikawa laini sehemu fulani, ikawa na mshiko wa ajabu sehemu nyingine. Mbio za maili 600 mwezi wa Mei zikasimamishwa na bendera ya manjano mara 22, rekodi. Oktoba matairi yakaendelea kupasuka. Mwaka uliofuata wakaweka lami mpya yote. Mimi nikiona kile kilima cha lami wanakiita bampu, kimemwagwa usiku bila rangi na bila ishara, nafikiria Charlotte.

Ile mnayoipenda sana niliwatafsiria kwenye klipu ya kumi na moja, ya Omo. Daytona tena, 2012. Mbio zilikuwa za Jumapili, mvua ikanyesha, zikasukumwa mpaka Jumatatu usiku. Wako na lori linalobeba injini ya ndege, kazi yake ni kupuliza hewa ya moto kukausha lami. Juan Pablo Montoya akiwa anafukuzia wenzake, magari yote yako polepole nyuma ya bendera ya manjano, kitu kikavunjika chini ya gari lake, akaserereka kama sabuni moja kwa moja mpaka kwa hilo lori. Mafuta ya ndege yakamwagika kwenye kona, yakawaka, moto kutoka juu ya ukuta mpaka chini kwenye nyasi. Montoya alitoka anachechemea. Dereva wa lori naye alitoka mzima. Moto ulipozimwa, lami ilikuwa imelowa mafuta, na hawa watu wenye pesa zote za dunia wakaleta sabuni ya unga ya kufulia nguo, Tide, maboksi kwa maboksi, wakaimwaga, wakasugua barabara. Zaidi ya saa mbili. Dereva mmoja, Brad Keselowski, alikuwa na simu ndani ya gari, akapiga picha ya moto akaiposti Twitter akiwa amesimama foleni ya mbio. Akapata maelfu ya wafuasi wapya usiku huo huo.

Kumbukeni huyo Keselowski, nitamrudia.

Kabla sijafika kwa kile nilikaa kuandika, wacha nijibu komenti moja inayonifuata: "Bro, kwani hatuna mbio zetu?" Tunazo, na ndizo zilianza zikiwa stock car za kweli. Safari ilianza 1953, na magari yalikuwa ya dukani kabisa, hata makundi yalipangwa kwa bei ya gari. Joginder Singh alipochukua 1965 na ndugu yake, Volvo yao ilikuwa imetumika mwaka uliotangulia. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa saba tu, na 1968, mvua ikinyesha kama adhabu, yakawa saba tena. Waliomaliza waliitwa mashujaa. Yaani barabara mbovu kwao haikuwa ajali ya mchezo, ndiyo ilikuwa mchezo wenyewe.

Hata sasa. Safari iliporudi kwa WRC Juni 2021, Kalle Rovanperä, kijana wa miaka ishirini wa Finland, alizama na Toyota yake kwenye mchanga wa Kedong, ule mchanga laini kama unga wanauita fesh-fesh. Siku ya mwisho Thierry Neuville alikuwa anaongoza, na sasipensheni ya nyuma ikavunjika. Ogier akachukua. Mwaka uliofuata nilienda Kasarani na wasee wawili kuona ile hatua ya kufungulia, na nilirudi Outering nikiwa rangi ya maramu, nina furaha. Tuko na mapenzi ya ajabu na barabara inayovunja magari, bora anayevunjikiwa awe na helmeti, na gari la kumfuata, na fundi kumi wanaomngojea Naivasha.

Huyo wa chini ya dirisha langu hakuwa na hao fundi.

Ilikuwa Alhamisi, msimu wa mvua ndefu. Usiku kulinyesha, kwa hivyo asubuhi shimo lilikuwa limejaa maji mpaka juu, na shimo lililojaa maji linafanana na dimbwi la kawaida, hujui kina chake. Nilikuwa nimeegesha simu kama kawaida, nanywa chai. Nikasikia breki, halafu ile sauti ya chuma kikiburuzwa, halafu mwanamke akipiga nduru.

Nataka niseme hii vile ilikuwa, kwa sababu ndiyo sababu yote ya kuandika. Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kama imeingia kwa fremu. Sikukimbia ngazi. Nilichukua simu, nikarudisha nyuma, nikaangalia. Ilikuwa imeingia vizuri sana, katikati kabisa, na mwanga wa saa moja asubuhi ulikuwa mzuri. Niliiangalia mara mbili. Kwa ile mara ya pili ndipo nilitambua helmeti. Iko na stika ya Gor Mahia, nusu imebanduka. Ni jamaa wa boda wa steji yetu, ambaye amenibeba labda mara mia mbili, ananibebanga hata nikiwa sina, naye yuko kwenye klipu tatu za kwanza akipungia mkono dirishani kwangu kwa sababu alijua naangalia.

Nilipofika chini watu walikuwa wameshawatoa. Abiria wake, mama anayeuza nguo Gikomba, alikuwa amechubuka mikono na anatafuta kiatu chake ndani ya maji. Yeye alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, mguu umeangalia mahali mguu hauangaliangi. Akaniona. Akasema, "Injinia, niitie mama watoto, simu yangu imelowa." Nilimpigia na simu ile ile, klipu bado iko wazi nyuma.

Mguu ulivunjika mahali pawili chini ya goti. Pikipiki ni ya mkopo, inalipwa kila siku, na anayekukopesha hapokei eksirei kama malipo. Nilimtembelea wiki ya pili. Nyumba ndogo, mguu uko juu ya kreti ya soda, watoto wanaandika homuwaki kando yake. Nilikuwa nimebeba maziwa na mkate kama mtu anayejua ana deni. Tuliongea Gor, tukaongea bei ya petroli. Halafu akauliza.

"Ile yangu uliposti?"

"Hapana, buda."

"Mbona? Hiyo si ndiyo ingeenda?"

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza kama mtu wa biashara anamuuliza mwenzake. Nikasema sijui. Akanyamaza kidogo, akasogeza mguu, halafu akasema, "Na wewe si ulisomea barabara?"

Hapo ndipo nilitamani angenitukana.

Kwa sababu ni kweli. Mimi ndiye mtu pekee kwenye hiyo ploti anayejua mbona lile shimo liko pale. Najua mtaro wa kulia umeziba na takataka tangu mwaka jana, maji yanakosa njia yanarudi barabarani. Najua shimo lilianza kama ufa wa urefu wa kiatu, kwa sababu niko na klipu yake, klipu ya kwanza, ufa unaonekana kando ya kibanda. Niliangalia ufa ukiwa shimo kwa miezi saba, dirisha langu likiwa mahali bora kuliko pote, na nilichofanya ni kuliwekea sauti. Watu walikuwa wanaandika komenti "serikali iko wapi" na mimi nawapigia laiki. Na nitasema ingine: wiki shimo lilipokauka na magari yakajifunza kulikwepa, watazamaji walishuka, na niliomba mvua. Sio kwa magoti, lakini niliomba.

Keselowski alipiga picha akiwa amesimama. Moto ulikuwa mbele, lakini magari yote yalikuwa yamezimwa, bendera nyekundu imetoka, watu wenye kazi ya kuzima wanazima. Hapo piga picha tu. Mimi nilikuwa napiga picha na mbio zinaendelea.

Sawa. Najua mtaniambia kutengeneza barabara si kazi ya raia, kodi tunalipa. Mko sahihi, na mimi nimeandika barua, nimepeleka na picha, nimewekewa muhuri, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Najua pia kuna wale vijana wanaojaza mashimo asubuhi wakiomba madereva mbao, na watu husema usiku wanarudi kuchimbua ili kesho kuwe na kazi. Sitaki kuwahukumu. Mimi nilikuwa nakula kwa shimo bila hata kubeba koleo.

Tulikuwa watu saba. Kwanza mtaro, kwa sababu ukijaza shimo kabla ya kuachilia maji unajidanganya. Siku nzima ya Jumamosi ilienda kwa mtaro peke yake: nepi, chupa, godoro nusu, na kitu ambacho mzee wa kuchomelea alisema tusikiguse. Mama wa chapo alitupatia debe na chakula, akatuambia tuache kuongea tufanye. Jumapili tukakata kingo za shimo kwa patasi na nyundo mpaka zikawa wima, tukatoa matope yote, tukafika mahali pagumu. Tukaweka kokoto na maramu kwa matabaka, kila tabaka tunashindilia kwa mkebe wa rangi tulioujaza zege ukiwa na bomba katikati. Lami hatukuwa nayo, kwa hivyo juu tulimwaga zege. Siyo sawa kitaalamu. Zege na lami hazipendani, moja ni ngumu na nyingine inajipinda, na pale zinapokutana ufa utakuja. Nilijua. Ndiyo ile tuliweza kununua.

Shida ya zege ni kwamba linataka muda, na muda ndiyo kitu barabara yetu haina. Tulifunga upande mmoja kwa mawe na fimbo yenye fulana nyekundu juu. Bendera nyekundu, Kayole. Daytona walingoja karibu saa mbili na nusu. Sisi tuliomba mpaka Jumanne asubuhi. Tulitukanwa na makanga wa kila rangi. Dereva mmoja alishuka, akaangalia, akasema, "Sasa nyinyi mnajenga nini hapa, bwawa?" halafu akarudi akatuachia soo mbili na akapita na ile ingine. Wengi walipita na ile ingine. Jumatatu saa kumi na moja asubuhi kuna mtu alisogeza mawe. Sijui nani, niliamka na kelele ya injini, nikakuta alama ya tairi imepita katikati ya zege letu, safi, kama sahihi. Bado ipo.

Video ya kazi hiyo sikupiga. Si kwa sababu ya unyenyekevu, ni kwa sababu mikono ilikuwa na simiti. Klipu kumi na nne nimezitoa kwa sababu yuko ndani ya tatu akipunga mkono, na sikujua kuchagua zipi zibaki. Ile ya kumi na tano, ambayo hamkuiona, nilimpelekea nikamuuliza anataka niifanyie nini. Aliiangalia mpaka mwisho. Akasema niiweke, kuna siku anaweza kuihitaji kwa wakili. Pesa klipu zilikuwa zimeingiza, ambazo si nyingi kama mnavyodhani, zimelipa mkopo wa pikipiki wiki tano. Za mwezi unaokuja bado sijui zitatoka wapi.

Jana nilipita nikalikagua. Katikati limeshika vizuri. Ukingo wa kushoto, upande wa chapo, umeanza kubanduka pale zege linakutana na lami, nafasi ya kuingiza kidole. Mvua ikinyesha hivi, maji yataingia hapo. Tunahitaji debe mbili za kokoto, mfuko nusu wa simiti, na kama kuna mtu anajua fundi wa bodi mwenye filla iliyobaki, sicheki, alete. Tunakutana kibandani Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kabla nganya hazijachangamka. Mwenye sururu aje nayo.